Kikombe Kisichotemwa

Makasha ya tende kutoka Karachi yaliwasili Kericho siku ya pili ya Ramadhani, na safari hii yalikuwa mawili.

Twahiri bin Mselem aliyatazama kwa kitambo katika ofisi ya kiwanda cha chai, asiyaguse. Miaka yote lilikuwa likija kasha moja tu. Lilipakiwa melini Karachi, likashushwa Mombasa, likapandishwa bara na lori lililokuwa limepeleka chai bandarini na sasa linarudi tupu. Juu yake palikuwa na maandishi yale yale kwa wino mzito: Kwa Maalim Twahiri, kwa ajili ya msikiti. Naye hulichukua begani mwenyewe, akapita nalo katikati ya soko pasipo kukubali msaada wa mtu, ili watu wamuulize amebeba nini na limetoka kwa nani, apate kuwajibu.

Kasha la pili lilikuwa dogo, limefungwa kwa utepe. Juu yake pameandikwa: Kwa Binti Dorine, mwonja chai.

Meneja wa kiwanda, Bwana Nyagaka, mtu wa Kisii asiyeweza kulala na mzaha tumboni, aliinua macho kutoka mezani pake.

"Maalim, naona Karachi imeongeza mke."

"Nimefunga, Bwana Nyagaka. Usinitilie maneno masikioni."

"Sijasema kitu kibaya. Mke mkubwa ni mke mkubwa. Hata kwetu, mdogo akiletwa, mkubwa hununuliwa blanketi mpya anyamaze."

Twahiri akaweka kasha dogo juu ya kubwa, akatoka nayo yote mawili. Siku hiyo hakupita sokoni. Alizunguka kwa nyuma, njia ya mto.

Haji Altaf, mwenye kuzituma tende hizo, hakuwa mgeni katika nchi hii kama jina la mji wake lilivyowafanya watu wadhani. Babu yake alikuwa fundi mwashi wa reli, na kaburi lake liko Fort Ternan hadi leo. Altaf mwenyewe alizaliwa Kericho, akasoma Kurani katika chuo kilichokuwa nyuma ya msikiti, chini ya Mzee Mselem, baba yake Twahiri, aliyepanda bara kutoka Lamu akiwa mpishi wa mzungu na akabaki kuwa mwalimu wa watoto. Wavulana wale wawili walikaa mkeka mmoja, wakaonja fimbo moja. Kisha miaka ya mwanzo ya Uhuru ikaja, jamaa za Altaf wakahamia Karachi, na mkeka ukabaki na mmoja.

Aliporudi, alirudi akiwa mnunuzi wa chai. Alimkuta mwenzake akipima majani mizanini katika kiwanda kidogo cha wakulima, kando ya njia iendayo Bomet. Wakanywa chai pamoja siku hiyo, na Twahiri, bila kuulizwa, akamweleza kwamba majani ya kikombe kile yalichumwa baada ya mvua na kwamba yalikaa guniani muda mrefu mno kabla ya kufika kiwandani. Altaf alikwenda kuuliza; ikawa kweli. Akampeleka Mombasa afundishwe kazi ya uonjaji, na tangu hapo nyumba ya biashara ya Altaf ilinunua kwa ulimi wa Twahiri. Wapo watu katika vichochoro vya Karachi walioamka kila alfajiri, wakachemsha maziwa na iliki, wakatia majani yaliyochaguliwa na mtu wa Kericho wasiyemjua. Twahiri aliwafikiria mara nyingi. Aliwahesabu kuwa ni wake.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mwezi wa Ramadhani hakuonja. Haikuwa kwamba sheria ilimzuia moja kwa moja. Ilikuwa ni hadhari yake mwenyewe, na watu wa msikiti walimsifu kwayo. Wakati Ramadhani ilipokuwa ikiangukia masika, haikumdhuru mtu, kwa kuwa majani ya masika ni mengi lakini mepesi, hata asiye na ulimi huweza kuyakadiria. Lakini miezi ya mwandamo hurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Ramadhani ikatoka kwenye mvua, ikasogea, ikaingia katika kiangazi cha Januari na Februari, wakati umande wa usiku unauma, jani linakua polepole, na utamu wote wa ardhi ya Kericho unajikusanya katika chipukizi moja na majani yake mawili. Ndiyo chai bora ya mwaka. Ikabidi pawe na mtu wa kuionja.

Twahiri mwenyewe ndiye aliyemchagua Dorine Chepkemboi. Alikuwa msichana wa Kipsigis, binti wa mkulima wa upande wa Bomet, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, na kazi yake ilikuwa kuchekecha chai kavu kwa gredi. Alimwona siku moja akinusa kiganja cha chai kabla ya kukimwaga, akajua. Akamfunza kufyonza kwa kishindo ili chai itawanyike kinywani, kuizungusha, kuitema, kusukutua, kusema kwa maneno machache. Ramadhani ya kwanza alijivunia mwanafunzi wake. Ya pili, Altaf alipiga simu kutoka Karachi, akasema: "Yule binti uliyemweka, Maalim, ana ulimi!" Twahiri akaitikia kwamba naam, anao, na akakaa na mkono wa simu sikioni baada ya mwenzake kukata.

Hii ilikuwa ya tatu.

Mke wake, Bi Salha, alilikuta kasha dogo chini ya kitanda alipokuwa akifagia.

"Tende za nani hizi zimefichwa kama mwana haramu?"

"Hazikufichwa. Zimewekwa."

Bi Salha aliinama, akasoma jina. Alisoma polepole, kisha akaketi kitandani na ufagio mapajani.

"Mume wangu, kijana yule ana umri wa bintiyo."

"Sijasema kitu kuhusu umri wake."

"Najua hujasema. Tangu juzi husemi kitu. Futari unakula kama unatafuna kamba. Hizi ni tende za watu, zipeleke."

"Mkristo atakujaje kupewa tende za Ramadhani, Salha? Hafungi, hafuturu. Atazifanya nini?"

"Atakula," alisema Bi Salha. "Tende huliwa."

Twahiri akazipeleka. Alimkuta Dorine kwenye chumba cha kuonjea, akipanga vikombe vyeupe juu ya meza ndefu iliyo chini ya dirisha. Msichana akaacha kazi, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Amkio hilo alimfunza yeye, pamoja na kila kitu kingine. Twahiri aliitika kwa kichwa tu. Akaweka kasha mezani.

"Limechelewa njiani," alisema.

Siku chache baadaye Dorine alimsimamisha kwenye lango la kiwanda, uso wake umejaa kicheko. "Mwalimu, wewe hutaamini. Mama amekula tende zote na ile kokwa amepanda! Amepanda karibu na boma ya ng'ombe, anasema huko kuna mbolea."

"Mtende hauoti Bomet. Unataka jua kali. Hapa utakufa kwa baridi."

"Nilimwambia hivyo. Akaniambia hata majani chai ilitoka ng'ambo, na watu walisema haitaota."

Jambo hilo likamkera Twahiri kutwa nzima. Alijiuliza kwa nini yeye, aliyekula tende za Karachi miaka yote hii, hakuwahi hata siku moja kufikiria kuipanda kokwa.

Ilipokaribia nusu ya mwezi, Bwana Nyagaka akamwita ofisini na kumfungia mlango, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Altaf anakuja wiki hii. Amesema ndiyo safari yake ya mwisho. Magoti yake yamekataa ndege. Anataka kuchagua chai moja, ile itakayokuwa chai ya maduka yake kwa mwaka mzima. Halafu anataka kuacha hapa mtu mmoja. Huyo akisema nunua, yeye ananunua bila kuuliza tena. Mtu mmoja, Maalim. Kwa mkataba."

"Na uonjaji ni lini?"

"Ijumaa hii, baada ya sala yenu. Nimemwambia Dorine ajitayarishe, kwa sababu wewe huonji mwezi huu."

"Nani amekwambia sionji?"

Nyagaka alimtazama. "Wewe, mwaka juzi. Na mwaka jana. Na wiki mbili zilizopita."

"Ijumaa nitaonja," alisema Twahiri.

Jioni ile alivishusha vitabu vya fikihi vya marehemu baba yake kutoka juu ya kabati, akavipangusa, akafungua mlango wa saumu. Hakuhitaji kutafuta sana. Wanazuoni wameafikiana kwamba mwenye kufunga akihitaji kuonja kitu, kama mpishi au mnunuzi, basi na aonje kwa ncha ya ulimi, ateme, wala kisipite kooni. Saumu yake ni sahihi. Alimsomea Bi Salha kwa sauti, kwa Kiarabu kwanza, kisha kwa Kiswahili.

"Mashallah," alisema Bi Salha, akiendelea kuchagua mchele. "Na hukumu hii ilikuwamo humo mwaka jana?"

"Ilikuwamo."

"Na mwaka juzi?"

"Salha, sheria ni sheria."

"Mimi sikatai sheria. Sheria ni halali tupu. Mimi namtazama anayekifungua kitabu."

Twahiri akafunga kitabu. Aliswali Tarawehe usiku ule katika safu ya mbele, na kila aliposujudu, kati ya paji lake la uso na mkeka, aliuona utepe wa lile kasha dogo.

Haji Altaf aliwasili Ijumaa, ndevu zake zimepakwa hina, akitembea kwa fimbo. Alimkumbatia Twahiri mbele ya kiwanda, akamnusa bega.

"Bado unanukia udi wa baba yako!"

"Na wewe bado unanenepa katika mwezi wa kufunga."

"Ni hewa, Maalim. Hewa ya Karachi ina mafuta."

Walicheka, na kwa muda mfupi moyo wa Twahiri ulitulia. Kisha Dorine akatoka ndani na aproni yake nyeupe, na Altaf akamgeukia.

"Binti! Mama alikula zile tende?"

Dorine akamsimulia habari ya kokwa na boma la ng'ombe na majani chai yaliyotoka ng'ambo. Mzee yule akacheka hadi akalazimika kuishika fimbo kwa mikono miwili. "Mtende Bomet!" alirudia, machozi yakimtoka. "Mwambie mama, ukizaa, mimi ndiye mnunuzi wa kwanza!" Twahiri alisimama pembeni akitabasamu kwa meno tu. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha Altaf kiasi hicho, akagundua kwamba ni utotoni, juu ya mkeka.

Chumbani mle vikombe vilikuwa vimeshapangwa, kila kimoja mbele ya kopo lake la majani makavu, na chai imeshatiwa tone la maziwa kama inavyonywewa kule iendako. Mwanga wa kiangazi uliingia dirishani ukaifanya kila chai ing'ae kwa rangi yake. Ndoo ndefu ya kutemea ilikuwa pale pale, kando ya meza.

"Mimi pia nimefunga," Altaf alisema, akiketi. "Leo mimi ni macho na masikio. Nani anaonja?"

"Mimi," alisema Twahiri. Akaeleza hukumu ya kuonja kwa utulivu, kama anayetoa darasa. Altaf akaitikia kwa kichwa, aliijua.

"Vizuri. Basi onja wewe, kisha aonje binti. Nataka kuzisikia ndimi zote mbili."

Twahiri alitarajia kuona uso wa Dorine ukianguka. Haukuanguka. Msichana alikwenda kwenye droo, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi, akakifungua. Kilikuwa kijiko cha Twahiri cha kuonjea, kimesuguliwa kikang'aa.

"Nilikuwekea, mwalimu, kisichanganyike na vingine."

Laiti angemnunia! Laiti angemkunjia uso mara moja tu, ili apate kumchukia kwa raha.

Alianza upande wa mlango. Alifyonza, akazungusha, akatema, akasukutua kwa maji, akayatema maji pia, kwa uangalifu wa mtu avukaye kijito kwa mawe. "Hii ina rangi, haina nguvu." Kingine. "Hii imekaushwa kwa haraka." Kingine. "Hii ni njema, hii ingefaa." Kinywa chake kilikuwa kikavu tangu alfajiri, na kila chai ilimchoma kidogo, lakini ulimi ulikuwa ukifanya kazi yake, naye akaanza kujihisi kuwa ni yule yule wa zamani.

Kikombe cha mwisho kilikuwa kile cha dirishani. Alikijua kabla ya kukifikia. Ilikuwa chai ya mashamba ya juu, ile ambayo Dorine alimsihi Nyagaka ayaache majani yake yanyauke kwa muda mrefu kuliko desturi, kwa kuwa kiangazi kimekuwa kikali mwaka huu. Na Nyagaka akakubali, na kiwanda kizima kikazungumza. Twahiri alikuwa ameshayatayarisha maneno yake tangu jana. Angesema imechoka. Neno hilo moja humtosha mnunuzi.

Akainua kijiko, akafyonza.

Ikamjia kwanza harufu, kama ya nyasi zilizokatwa asubuhi na kuanikwa. Kisha ukali uliosimama wima, usiochoma, ukapanda pande zote za ulimi na kuuamsha. Kisha, wakati alipotazamia uishe, haukuisha. Ukageuka utamu mwembamba, mrefu, uliomrudisha kwenye jiko la mama yake mzazi, kwenye kikombe cha bati, kwenye asubuhi ambayo hakuwahi kuikumbuka tangu mama alipozikwa. Chai hiyo haikuwa na kasoro. Katika umri wake wote wa kuonja hakupata kuonja nyingine kama hiyo. Koo lake likafunguka.

Akameza.

Ilipita kwa upole, na ikawa imeshapita. Alibaki na kijiko hewani. Ile ndoo ilikuwa pale mbele yake, na hakuwa na kitu cha kuitilia.

"Na hiyo?" aliuliza Altaf.

Twahiri aliweka kijiko chini. Moyoni mwake alikuwa ameshaanza kujitetea: kilichomshinda mtu kikapita bila hiari yake, hukumu yake ni nyingine. Lakini alijua. Haikumshinda. Aliiruhusu, kama mtu amfunguliaye mlango mgeni anayemngoja.

"Imechoka," alisema. "Na kwa mbali ina moshi."

Bwana Nyagaka, aliyekuwa ameegemea mlango, akashusha pumzi. Altaf akamgeukia Dorine. Msichana alionja vikombe vyote kwa zamu, akavitema vyote, na mwisho akasimama mbele ya kile cha dirishani akikitazama, si mwalimu wake.

"Mimi naona hii ndiyo chai," alisema polepole. "Hakuna nyingine hapa karibu nayo. Lakini mwalimu amesema imechoka, na mimi ulimi wangu yeye ndiye alinifunza. Siwezi kumshinda."

Altaf akapapasa ndevu zake. "Nimenunua kwa neno la Maalim miaka mingi, sijajuta," alisema hatimaye. "Kama amesema imechoka, imechoka. Tutachukua ile aliyosema ni njema."

Hivyo Twahiri akashinda. Aliungoja ushindi umfikie kifuani, nao ukakawia. Wenzake walipotangulia nje, Dorine alikuwa akikusanya vikombe. Alisema bila kuinua kichwa:

"Mwalimu, nikuletee maji?"

"Maji ya nini?"

"Ya kusukutua. Hiki cha mwisho hukusukutua."

"Shughulika na vikombe vyako," alisema Twahiri.

Alasiri ile ilikuwa ndefu. Alijizuia na chakula na kinywaji kama wafanyavyo waliofunga, kwa kuwa aliyeiharibu saumu yake hana ruhusa ya kula kabla ya jua kutua. Lakini kila alipomeza mate aliuonja ule utamu. Ulikuwa umebaki kwenye ufizi, haukwisha. Hata uwongo wake haukuweza kuuondoa.

Katika msikiti wa Kericho ilikuwapo desturi moja. Tende za Karachi ziligawiwa kabla ya adhana, kila mtu akashika yake mkononi. Ya kwanza Altaf, akiwapo, humtilia Twahiri kiganjani kwa mkono wake. Adhana ikianza, Twahiri husoma dua ya kufuturu kwa sauti, kifungu baada ya kifungu, na jamaa nzima humfuatisha, ndipo hula. Ilikuwa dua ya baba yake kabla yake.

Altaf akamtilia tende kiganjani, akamkunjia vidole. Mwadhini akainuka. Sauti ikapanda, na watu wote wakamgeukia Twahiri, wazee na vijana, kila mmoja na tende yake, midomo imekauka.

Akafungua kinywa. Ewe Mola, ndivyo inavyoanza. Kwa ajili yako nimefunga. Alisema, "Ewe Mola," wakafuatisha, "Ewe Mola." Kisha akasimama. Maneno yaliyobaki alikuwa nayo mdomoni, yamepangika, ameyasema tangu utoto. Hayakutoka. Watu walingoja. Mtu mmoja akakohoa. Adhana ilikuwa ikikaribia mwisho.

"Haji," alisema kwa sauti ya chini, "soma wewe."

Altaf akasoma. Jamaa ikafuatisha, ikala. Twahiri alibaki na tende kiganjani hadi sala ikaisha, na walipotoka barazani kuvaa viatu, mwenzake akamshika mkono.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Leo sina saumu."

"Vipi huna?"

"Nilimeza. Pale kiwandani. Kile cha dirishani."

Altaf alisimama na kiatu kimoja mguuni. Taa ya baraza ilimwangazia ndevu zake nyekundu, na mawazo yalionekana yakipita usoni mwake moja baada ya moja.

"Cha dirishani," alisema. "Kile kilichochoka."

Twahiri akainama kuvaa viatu vyake.

"Miaka yote hii, Maalim, sijakuona ukimeza kitu mezani. Hata ile chai ya mwaka ule wa mvua kubwa, uliyoisifu mpaka nikanunua ghala nzima, uliitema." Akavaa kiatu cha pili, akachukua muda. "Kwa hivyo umeniambia ukweli, ila umechelewa nao. Koo lako limesema, mdomo ukakanusha."

"Alikuwa mwanafunzi wangu, Altaf. Nilimpa mwezi mmoja tu wa mwaka. Ukawa ndio mwezi wa chai bora. Kisha ukamtumia tende."

"Kasha dogo!"

"Lenye utepe."

Altaf akaguna, kicheko kilifika kooni mwake kikageuka kitu kingine. "Ungenipigia simu ukanitukana, ningekuletea utepe gunia zima. Lakini umenisimamisha mbele ya chai ya maisha yangu, ukaniambia ina moshi." Akatikisa kichwa. "Kesho asubuhi nitainunua ile ya dirishani. Na neno la kununua, kuanzia sasa, nitalichukua kwa binti. Siwezi vinginevyo. Nitakuwa mbali, Karachi, nami lazima nilale bila wasiwasi."

Twahiri alikuwa amelijua hilo tangu pale alipokabidhi dua. Hata hivyo lilimwingia kama baridi ya Januari ipitayo kwenye nguo. Na aliposema tena, alistaajabu mwenyewe kusikia anachouliza.

"Na tende?"

"Tende za msikiti zitakuja kwa jina lako mpaka mmoja wetu azikwe. Zile si biashara."

Idi ikaja, ikapita. Altaf alikuwa ameshakwenda zake, baada ya kulizuru kaburi la babu yake Fort Ternan pamoja na Twahiri, wakasoma Fatiha bila kuzungumza habari ya chai. Mwezi wa Shawwali, Twahiri alinuia kuilipa ile siku moja. Bi Salha alimwamsha kwa daku, akamwekea uji na viazi.

Angeweza kuilipa siku ile akiwa nyumbani. Alikwenda kiwandani.

Ilikuwa siku ya kuonja chai iendayo Karachi. Alisukuma mlango, akaketi kwenye kiti alichokalia Altaf. Dorine aligeuka, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu. Utaonja?"

"Marahaba. Nimefunga."

Msichana alimtazama kwa mshangao, kwa kuwa mwezi ulikuwa umekwisha. Kisha akaelewa, au alionekana kuelewa, akageukia meza haraka. Akachukua kijiko. Twahiri aliona kwamba ni kile chake, na kwamba alikuwa bado akikitunza katika kitambaa kile kile.

Akafumba macho, akasikiliza. Alisikia kufyonza, kwa kishindo safi kama alivyomfunza. Alisikia kimya kifupi cha kuzungusha. Alisikia mtemo ndani ya ndoo. Kikombe baada ya kikombe. Kinywa chake mwenyewe kilikuwa kikavu kama karatasi, na harufu ya chai za dirishani ilimfikia pale alipokaa. Alitambua harufu ile moja. Walikuwa wameendelea kuyanyausha majani kwa namna ya Dorine. Alingoja. Alitaka kusikia kimya pale ambapo ndoo ingepaswa kuitika. Mara moja tu, alijisemea. Hata yeye, hana kiapo, hana saumu, ni mwanadamu, na ile ni chai ya aina ile.

Akasikia kufyonza. Akasikia kimya, kirefu kidogo kuliko vingine.

Kisha akasikia mtemo.

Dorine alisukutua, akatema maji, akasogea kwenye kikombe kilichofuata. Hata hicho alikuwa amekitema. Twahiri alibaki amefumba macho, mikono juu ya magoti, na hilo pia akamwonea wivu.